Homa Niliyoteremka Nayo Korongoni

Nilijua mwili wangu una jambo kubwa siku niliponing'inia kwenye kamba ndani ya korongo, juu kiasi cha ghorofa mbili, mkono wa kulia ukakataa kushika. Kabla ya hapo nilikuwa na sababu ya kila kitu. Homa ilikuwa malaria. Uchovu ulikuwa kazi. Damu ya pua ilikuwa jua la jilaal, kiangazi chetu kirefu. Naandika haya nikiwa mzima, kwa ajili ya mtu mwenye sababu nyingi kama nilizokuwa nazo mimi.

Naitwa Sahra. Kwetu ni Garissa, mtaa wa Galbet, na kazi yangu ni kupima maji: visima, mabwawa, na laga zetu, ile mito inayopita siku mbili kisha ikabaki mchanga. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wodini tulikuwa Wasomali, Wapokomo na Wakamba, na Kiswahili chetu cha kubahatisha ndicho kilichotuwezesha kuulizana hali.

Homa ilinianza mwishoni mwa deyr, mvua fupi za mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimetoka Wajir, ambako tulipima visima kwa majuma matatu tukilala porini, vitanda vyetu kando ya vichuguu. Nyumbani, kila jioni nilishikwa na baridi, nikatetemeka, nikajifunika. Asubuhi shuka limelowa nami ni mzima, naoga naenda kazini. Kliniki moja ndogo ilinipa dawa ya malaria. Nilipata nafuu siku tatu, ya nne homa ikarudi. Nikapewa dawa ya taifodi, ikawa vilevile. Mara ya tatu sikwenda tena. Nilinunua vidonge vya kutuliza homa nikawa natembea navyo mkobani.

Mume wangu, Abdinoor, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayeuliza jambo mara moja tu.

"Unaumwa?" aliniuliza.

"Nimechoka tu."

Nilimficha kwa sababu moja: safari ya Rhamu.

Karibu na Rhamu, kule Mandera, kuna vilima vya mawe ya mchanga, na kimojawapo kimepasuliwa na maji ya mafuriko tangu enzi na enzi. Ufa wenyewe si mrefu. Ukitembea juu yake, dakika kumi umeumaliza. Lakini ndani ni mwembamba, mahali pengine unapita kwa ubavu, na sakafu yake inashuka kwa ngazi tatu kubwa ambazo hakuna mtu awezaye kuzipanda kwa mikono. Wenyeji wanauita Dhuun, yaani koo. Wafugaji walituambia mle ndani mna maji yasiyokauka hata jilaal. Kama ni kweli, yangeweza kuvutwa kwa bomba hadi wanakonyweshea mifugo. Ilibidi mtu ashuke apime. Nilikuwa nimeiomba kazi hiyo mwaka mzima, na sikutaka homa za jioni ziniibie.

Tulikuwa watatu. Mwanzia, mwenzangu wa ofisini, ni Mkamba wa Mwingi aliyejifunzia mambo ya kamba kwenye majabali ya kwao. Dekow ni mtu wa Rhamu mwenyewe, fundi wa visima, ambaye kazi yake maisha yote imekuwa kuteremsha watu shimoni na kuwatoa. Tuliripoti kituo cha polisi, tukaruhusiwa kuwa huko mchana tu.

Nilivaa suruali nzito chini ya abaya, nikaikunja abaya na kuifunga kiunoni. Kisha Mwanzia akanipa mkanda wa kuteremkia, ule unaozunguka kiuno na mapaja. Nilikuwa nimeujaribu Garissa mwezi mmoja nyuma, na ukanda wake ulibaki mkia wa shibiri nzima. Siku ile ulibaki vidole viwili, ingawa mikono na miguu yangu ilikuwa imekonda. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa na kitu kigumu kilichousukuma mkanda nje. Nilikibonyeza. Hakikuuma sana. Nikajiambia ni gesi, nikaukaza.

"Injinia, usiogobe," Dekow akaniambia, akidhani nasita kwa hofu. "Kamba hii iko na nguvu. Enda bole bole."

Ngazi ya kwanza ilikuwa kama mita nane. Kamba tulizipeleka mbili: moja ya kushukia na nyingine ya akiba. Ya kushukia tuliipitisha nyuma ya jiwe kubwa lililokwama kati ya kuta mbili, ncha zote mbili zikaning'inia chini, ili tukishafika wote tuivute na kuitumia kwenye ngazi inayofuata. Mwanzia alitangulia. Mimi nikafuata, kamba ikipita kwenye chuma chenye umbo la nane kilichofungwa kiunoni, mkono wa kulia nyuma ukiibana na kuilegeza. Nilishuka vizuri. Kuta zilikuwa za rangi ya tofali na laini, kama zilizosuguliwa kwa kiganja, na zilikuwa baridi. Juu, mbingu ilikuwa utepe. Nilifurahi sana. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli: miezi miwili nilikuwa sijafurahi namna ile.

Dekow alipofika, Mwanzia alishika ncha moja ya kamba.

"Nikiivuta hii hakuna kurudi," alisema. "Njia ni moja tu, ya chini. Dada, uko sawa? Umeloa jasho."

"Vuta," nikamwambia.

Kama kuna neno moja ninalojutia katika ugonjwa huu, ni hilo.

Ngazi ya pili ilikuwa mita kumi na mbili. Mwanzia alitangulia tena, akasimama chini akishika ncha za kamba mikononi. Alikuwa amenieleza kwamba aliye chini akizivuta kwa nguvu, aliye juu hawezi kushuka hata akiachia. Nililisikia kama mtu anavyosikia maelezo ya kwenye ndege.

Nilipofika katikati, damu ilianza kunitoka puani. Niliiona kwanza kwenye ukuta, matone meusi juu ya jiwe, nikashangaa yametoka wapi. Masikio yakaanza kuvuma. Mkanda ulinibana ule upande wa kushoto, maumivu yakapanda hadi begani. Nikauambia mkono wangu ubane kamba. Mkono haukunisikia.

Niliteleza kiasi cha urefu wa mtu, kisha nikasimama ghafla. Mwanzia alikuwa amejitupa nyuma na kamba zote mbili.

"Nimekushika," akaita kutoka chini, sauti yake ikigonga kuta. "Hushuki bila mimi. Achia tu. Pumua."

"Siwezi kubana."

"Usibane. Kazi hiyo niachie."

Dekow, kutoka juu, alikuwa anasoma Ayatul Kursiy, aya ya kuomba ulinzi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha. Mwanzia akanishusha hatua kwa hatua, akilegeza na kukaza, hadi miguu yangu ikagusa mchanga. Sikuweza kusimama juu yake. Nikalala.

Dekow aliposhuka aliniangalia usoni, akaniangalia tumbo, kisha akasema kwa Kisomali, taratibu, kwamba mkanda ule usinifunge tena kiunoni. "Abaayo, dada yangu, hapa ndani kuna kitu kimevimba," alisema. "Kwetu tumeuona ugonjwa huu." Hakuutaja jina.

Nyuma yetu ngazi mbili zilikuwa hazipandiki. Mbele kulikuwa na moja, fupi, inayoishia kwenye maji. Dekow alichukua kamba ya akiba akanifungia kiti cha watu wa visima: mizunguko miwili ya mapajani na mmoja unaopita chini ya makwapa, tumbo likaachwa huru. Alinishusha peke yake, mgongo wake ukiegemea ukuta na miguu ukuta wa pili, kama mtu anayeshusha ndoo yenye maziwa. Mwanzia alikuwa tayari ndani ya maji, yamemfika kifuani. Alinipokea, akanivusha, akanilaza kwenye mchanga mahali korongo linapofunguka. Kisha, kwa kuwa ni Mwanzia, alirudi akapima kina cha maji na kukiandika.

Mabibi wawili waliokuwa na ngamia pale nje walinifunika shuka zao jua likiwa kali, nami natetemeka. Ilikuwa saa sita mchana. Homa yangu haikungoja jioni tena.

Safari ya kurudi Garissa siikumbuki vizuri. Nakumbuka Abdinoor alikuja kutupokea, akanitazama nikishushwa garini, akanipeleka hospitali, tukakaa kwenye benchi.

"Uliniambia umechoka tu," alisema.

"Nilikuwa nimechoka."

"Sahra. Mimi nilikuuliza."

Tulikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kulikuwa na feni moja iliyozungukia upande wa wenzetu. Mama mmoja alitugawia biskuti za mtoto wake. Abdinoor alikuwa akinipepea kwa faili langu la hospitali, na kila nilipomtazama aliangalia kwingine lakini hakuacha kupepea.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Hakuuliza mengi. Aliniambia nilale, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, akashuka navyo pole pole hadi karibu na kitovu, kisha akachora mstari kwa kalamu kwenye ngozi yangu.

"Wengu wako umefika hapa," alisema. "Ulipaswa kuwa umejificha huku juu. Homa una muda gani?"

"Wiki tisa."

"Na kazi yako ni gani?"

Nilimweleza kazi yangu na habari ya korongo. Aliiweka kalamu chini. "Ungejigonga upande huu kwenye jiwe, wengu ungepasuka. Usingetoka huko." Kisha akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo, tukangoja mistari itokee. Ikatokea miwili. Ugonjwa ulikuwa kala-azar, unaoletwa na inzi mdogo wa mchanga, ambaye huishi kwenye nyufa na vichuguu na huuma watu walalao nje. Niliuona uso wa Abdinoor ukilegea. Tulikuwa tumejiandaa kusikia neno baya zaidi. Hili lilikuwa na dawa.

Dawa yenyewe ni sindano mbili kila siku kwa siku kumi na saba. Nitasema ukweli ili usishtuke: zinauma. Nilichomwa paja la kulia leo, la kushoto kesho, na kufikia siku ya saba hapakuwa na mahali pa kukalia. Kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma. Viungo viliuma kama vya bibi wa miaka themanini. Lakini siku ya tano, jioni ilifika, nikajifunika shuka kuingoja homa, na homa haikuja. Niliingoja hadi magharibi ikaadhiniwa. Haikuja. Nesi akaniuliza mbona nalia, nikamwambia sina homa, akasema, "Basi lia, mama, hiyo ni dawa pia."

Mambo ya mwili niseme yote. Ngozi ya uso na ya mikono ilikuwa imekuwa nyeusi ya kijivu, kama iliyopakwa majivu. Nywele zilitoka na kitana. Miguu ilikuwa vijiti na tumbo limejaa. Hilo tumbo ndilo lililoniumiza zaidi, si kwa maumivu. Mimi na Abdinoor tumengoja mtoto miaka mitano. Kabla ya safari ya Rhamu, wanawake wa mtaani walikuwa wameanza kunipongeza chini chini, na mama yangu, hooyo, hakuwakanusha. Alikuja wodini siku ya kwanza, akaona ule mstari wa kalamu, akakaa chini.

"Niliwaambia inshallah," alisema. "Juma zima niliwaambia inshallah."

Nilimshika mkono.

Jambo tulilogombania ni moto. Hooyo alichomwa tumboni utotoni, kama wengi wa rika lake, chuma kikiwekwa motoni kisha juu ya uvimbe, na akapona alichokuwa nacho. Alikuwa ameshazungumza na mwanamke mmoja anayejua kuchoma.

"Mara tatu tu, upande mmoja," alinisihi. "Sindano waendelee nazo. Mimi sikatazi sindano."

"Hooyo, sitaki."

"Mimi ningekufa bila moto. Wewe usingezaliwa."

Abdinoor akaingilia, akasema mke wake hatachomwa, na alilisema kwa sauti ambayo hooyo hajazoea kuisikia kwa mkwe. Hooyo akavuta mtandio wake akaondoka. Siku mbili alituma chakula bila yeye mwenyewe kuja. Supu ilikuwa tamu kama kawaida yake.

Alirudi siku ya tatu, na ile siku kitanda cha jirani yangu kilikuwa kimepata mgonjwa. Aliitwa Kaltuma, mfugaji wa Ijara, ugonjwa wake kama wangu, lakini tumboni mwake kulikuwa na vidonda vinne vya moto vilivyooza. Nesi alikuwa akivisafisha. Hooyo alisimama akitazama. Hakusema kitu kuhusu moto, siku ile wala baadaye. Aliweka chombo cha supu, akafunua kifuniko, akamimina nusu kwenye kikombe changu na nusu akampelekea Kaltuma, akamnywesha kwa kijiko mpaka ikaisha. Tangu hapo alipika kwa ajili ya wawili.

Damu yangu ilikuwa imepungua sana, ikabidi niongezwe. Ya Abdinoor haikulingana na yangu. Ya Mwanzia ililingana. Alikaa kwenye kiti akikunja na kukunjua ngumi, akilalamika kwamba sindano ni kubwa, yeye aliyenining'iniza kwa mikono yake mitupu. Hooyo alimshukuru kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Sasa mtoto yangu iko nusu Mkamba." Wodi nzima ilicheka, hata Kaltuma, akiwa ameshika tumbo.

Ramadhani ilitukuta hapo. Daktari alitukataza kufunga. Kwa wagonjwa ni ruhusa, na najua ni ruhusa, ila kula mchana mama yako amefunga kando yako ni jambo gumu. Hooyo alikuwa akinilisha adhuhuri kwa mkono wake, midomo yake mikavu, akinihimiza nimalize. Jioni adhana ikilia alikula tende tatu kwenye ukingo wa kitanda changu. Abdinoor alifika kila siku muda huo na chupa ya chai, akafuturu nasi. Siku moja alisema, akiwa hanitazami, "Mara nyingine nitakuuliza mara mbili." Nikamwambia, "Mara nyingine nitajibu ya kwanza." Ndivyo tulivyopatana.

Sindano ya mwisho nilichomwa siku mvua za gu zilipoanza kupiga mabati ya wodi, mvua ndefu tulizokuwa tumezingoja wote. Kaltuma alikuwa amebakiza siku sita. Nilimwachia khanga yangu na namba ya simu. Anapiga hadi leo, na mbuzi wake nawasikia nyuma ya sauti yake.

Kupona hakukuja siku moja. Mwezi wa kwanza nilipanda ngazi za ofisi nikipumzika katikati. Nywele zilirudi laini kama za mtoto. Rangi ya uso ilirudi kuanzia midomoni. Ripoti ya maji ya Rhamu niliiandika kwa vipimo vya Mwanzia. Maji yapo na yanatosha, na mafundi wameshaanza kuchimba mtaro wa bomba. Miezi sita baadaye daktari yuleyule aliweka vidole chini ya mbavu zangu, akatafuta, akatafuta tena, akasema hakigusiki kitu na nisirudi tena ila nikiwa na homa.

Kwako wewe mwenye homa sina mengi. Ikipita wiki mbili na dawa ya malaria haijaiondoa, omba mtu akuguse tumbo upande wa kushoto, na useme ulilala wapi. Usimfiche wa nyumbani kwako. Usikubali moto, wala usiwachukie wanaokushauri moto. Na ukihesabu sindano, hesabu zilizopita, usihesabu zilizobaki.

Wiki iliyofuata kile kipimo cha mwisho nilianza kulipa saumu zangu. Siku ya kwanza, kama saa tisa alasiri, Abdinoor alirudi kutoka shuleni akanikuta nimekaa ukumbini peke yangu, natabasamu.

"Kuna nini?" akauliza. Kisha akakumbuka, akauliza tena, "Sahra, kuna nini?"

"Nina njaa," nikamwambia.

Karibu mwaka mzima sikuwa nimeisikia. Tumbo lilikuwa likijaa kwa matonge mawili, na chakula kilikuwa kazi niliyofanya kwa ajili ya hooyo. Sasa ilikuwa njaa yenyewe, ya kawaida, ya mtu mzima aliyefunga, inayokwaruza na kunguruma. Abdinoor alikaa kando yangu. Zilikuwa zimebaki zaidi ya saa tatu magharibi iingie, na sikuwa na haraka.